Keria Isiyolowa

Sikiza, na usinikatize. Kuna watu hapa Kanduyi wanasema nilikuwa nimechoka. Wengine ati ni mvua ilinitia ukungu machoni, na mchungaji wetu akasema ni jaribu la imani. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa juu ya ile baiskeli. Nilikuwa mimi na mtoto wangu, na yule mwingine. Nimemaliza fomu foo, sinywi pombe, na akili zangu ziko sawa. Na bado niko na hasira, kwa hivyo nikipandisha sauti univumilie.

Baiskeli kwanza, maana bila hiyo hutaelewa kitu.

Kwetu ni Kachibora. Kabla niolewe huku Bungoma nilikuwa nafanya kazi kwenye shamba moja la maua upande wa Kitale. Msimamizi alikuwa Mholanzi, na mkewe alikuwa anaingia mjini kwa baiskeli, mgongo wima kama mtu aliyeketi kanisani, mtoto mbele, kabichi nyuma. Watu walisimama kumwangalia. Siku moja nikamuuliza, mama, mzee ako na gari, mbona unajitesa? Alicheka mpaka akashika ukuta. Akanionyesha picha kwenye simu. Huko kwao mji mzima uko juu ya baiskeli: wanaume wa tai, nyanya wenye mvi, wanawake wenye mimba, mama mmoja amebeba watoto watatu kama kuku kwenye tenga, mvua inanyesha na hakuna anayemcheka. Hakuna anayemwambia mwanamke funga miguu. Hiyo picha iliniuma, usione ni mchezo. Walipohama kurudi kwao, akaniachia baiskeli yake.

Ni nyeusi, nzito, na haina lile bomba la katikati, kwa hivyo unaingia na sketi yako bila kurusha mguu. Kiti cha mtoto kiko mbele, kati ya mikono yako. Nyuma kuna keria pana ya kubebea mzigo au mtu. Na breki haiko mkononi. Ukitaka kusimama unakanyaga pedali kurudi nyuma, inashika papo hapo. Vijana wa boda walioniomba waijaribu waliishia mtaroni, vidole vinatafuta breki ambayo haipo.

Ndio hao walionipa jina Holandi. "Holandi, shuka utembee kama wenzako!" "Madam, hiyo kengele ni ya kanisa gani?" Nawajibu ni ya mazishi yao, wanacheka, napita. Nampeleka Wambui shule ya chekechea, naenda kazini kwa duka la mbegu mjini Bungoma, jioni narudi na unga kwenye keria. Simngojei mtu anibebe.

Vita vilikuwa nyumbani. Mama mkwe hakutaka hata kuiona ikiegemea ukuta wake. "Mama Wambui, mwanamke hapandi hiyo kitu. Itakuharibu." Itaniharibu wapi? Nilimuuliza hivyo hivyo, akanipa mgongo. Naye mume wangu, Wafula, hakuwahi kuipanda. Hata nikimtuma dukani na wingu limeshafunga, anaisukuma kwa mkono kama ng'ombe anayepelekwa kuogeshwa dawa. Nikamtania mbele za watu, "Unaogopa baiskeli ya kike itakupunguzia nini?" Akaendelea kuisukuma. Mimi nikajua ni kiburi tu cha wanaume.

Na kuna hili pia. Wambui alipozaliwa alilia bila kupumzika. Huku kwao mtoto akilia namna hiyo, wanamtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya lingine. Akinyamaza kwa jina fulani, basi huyo ndiye anayetaka kurudi, na mtoto anapewa jina lake. Mama mkwe akataja wazee wa kike wote aliowajua. Mtoto analia tu. Kisha jina likamponyoka kwa sauti ndogo: "Nasimiyu." Mtoto akanyamaza papo hapo. Ungesikia mafuta yakipoa kwenye sufuria. Wafula akainuka, akasema, "Hilo hapana," akatoka nje. Nikauliza Nasimiyu ni nani, wakaniambia ni mtu wa zamani. Basi mtoto nikampa jina la mama yangu mimi. Wafula hana dada. Ndivyo nilivyoambiwa nilipoolewa.

Sasa hiyo siku. Ulikuwa msimu wa kupanda mahindi, wakulima wanajaa dukani mapema, kwa hivyo tulitoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Kulikuwa na manyunyu, ile mvua ya kuudhi. Wambui alikuwa mbele, nimemfunika na karatasi ya nailoni. Kutoka kwetu kwenda mjini kuna mteremko mrefu wa murram, changarawe tupu, na chini yake daraja la mbao. Pale juu, kabla ya kuanza kushuka, palikuwa pamesimama mwanamke. Kijana, wa umri wangu. Leso imefungwa kwapani, miguu peku, mkono kiunoni. Tumbo lilikuwa limeshuka. Kama umezaa unajua ninachosema.

"Dada, nifikishe hospitali."

Wewe ungemwacha? Mimi sikuweza. Nikamwambia panda. Akakaa kwenye keria upande upande, miguu yote kushoto, vile wanawake hukaa wakibebwa.

"Hapana, kaa kiume," nikamwambia. "Mguu huku na mguu huku, unishike kiuno. Huu mteremko ni mbaya."

"Nimeambiwa nikae hivi."

"Na nani?"

Uchungu ukamshika tena, nikasema wacha twende.

Tulipoanza kushuka nikahisi uzito wote umelalia kushoto. Gurudumu la mbele likaanza kucheza. Nikakanyaga nyuma kushika breki, na pedali zikazunguka. Unanielewa? Zilizunguka kurudi nyuma, tupu, kitu ambacho hiyo baiskeli haijawahi kufanya tangu niijue, na baiskeli ikaongeza mbio. Nikakanyaga tena. Miguu yangu inaenda nyuma, sisi tunaenda mbele, na mawe yanaruka.

Akaongea nyuma yangu, polepole, kama mtu aliye jikoni kwake: "Nasimiyu."

Na mtoto wangu, ambaye hajawahi kuitwa hivyo toka akiwa kichanga cha kulialia, akageuza kichwa akaitika. "Eee?"

"Nipe nimshike," akaniambia. "Wewe endesha."

Mikono ikapita chini ya makwapa yangu, mmoja huku, mmoja huku, ikielekea kiti cha mbele. Ilikuwa baridi kama geti la chuma asubuhi. Na ilikuwa mirefu. Mimi niko na kifua, niko na sweta, niko na mikono yangu mwenyewe iliyonyooka kwa usukani, na ile ilinipita ikafika. Niliona vidole vikishika mshipi wa kiti cha mtoto.

Hapo woga uliniisha. Sikudanganyi, uliniisha wote, ikabaki hasira. Hasira ya kila siku niliyoambiwa funga miguu. Nilipiga kelele mpaka koo likakwaruzika. "Toa mkono! Huyu ni wangu, nilimzaa mimi! Na wewe kaa kiume, unasikia? Tupa hiyo adabu yao! Panua miguu unishike mimi, mtoto mwache!"

Vidole vikasita. Vikaachia. Nikasikia keria inayumba, mtu anavusha mguu, leso inapigapiga gurudumu. Kisha uzito ukaja katikati. Katikati kabisa, bana, kama gunia lililofungwa vizuri. Mikono miwili ikanishika kiuno. Nikakanyaga nyuma, na breki ikashika.

Tulisimama juu ya mbao za daraja. Nikageuka. Hakuna mtu. Nikapeleka mkono kwenye keria. Tandiko langu limelowa, nywele zangu zinatiririka, na keria ni kavu, kavu kama imetolewa karibu na jiko.

"Senge ameshuka," Wambui akasema.

Senge kwa hawa watu ni shangazi, dada ya baba. Hana senge. Nani alimfundisha?

Sikuenda kazini. Nilirudi nikisukuma. Wafula alikuwa anakunywa chai, mama yake anachochea moto. Sikusalimia. "Nasimiyu ni nani? Nimembeba sasa hivi mpaka darajani, na alikuwa anataka mtoto wangu."

Nilingoja mama mkwe aniambie nimechanganyikiwa. Badala yake akauliza, "Alikuwa amekaa aje?"

"Upande."

Akaketi chini, kwenye vumbi la kuni. Akasema, "Ni mimi nilimwambia akae hivyo." Nasimiyu alikuwa binti yake. Uchungu ulimpata alfajiri, na gari halikuwepo, hata hizo pikipiki zilikuwa bado kuingia huku. Alitaka kukaa kiume, tumbo likimsumbua, na mama yake akamwambia binti wa nyumba hii hatapita sokoni amepanua miguu. Aliyeendesha baiskeli ni kaka yake.

Nikamwangalia Wafula. Chai ilikuwa inamwagikia suruali na hajui.

"Niligeuka pale mteremkoni," akasema, "keria iko tupu."

Hakunusurika, wala aliyekuwa tumboni.

Ungetaka niwahurumie? Nimewahurumia, baadaye. Siku hiyo niliwaambia maneno ambayo siwezi kurudia hapa. Nimepita huo mteremko kila asubuhi, mwanangu mbele, na watu wawili wanaojua wananiangalia nikiondoka. "Itakuharibu"! Si ungesema tu, mama, nilipoteza mtoto pale?

Mchungaji aliletwa, akaipaka baiskeli mafuta ya upako. Mama mkwe akataka ipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikakataa. Nitamrudisha mtoto wangu barabarani kwa miguu, au kwa pikipiki za wale wanaonicheka? Mtoto tumemwongezea jina, sasa anaitwa Wambui Nasimiyu, na mama mkwe ndiye anayeliita kwa sauti kuliko sisi sote.

Lakini haijaisha. Kukiwa na manyunyu, nikifika pale juu, uzito unakuja nyuma, taratibu. Namwambia, "Kaa kiume," naye anakaa, tunashuka. Darajani unatoka. Sijazoea. Usiku naamka kuhesabu pumzi za mtoto, na mshipi wa kiti chake nimeushonea mwingine juu, maana najua alichotaka mara ya kwanza, na sijui kama ameacha kukitaka.

Kwa hivyo wewe unayenisikiza, ukimbeba mwanamke kwa baiskeli, usitoke hapo mpaka akae miguu huku na huku, awe mzima au awe nani. Mtoto usimpe mtu amshike ukiwa mwendoni. Na ukiolewa kwenye boma ambalo kuna jina halitajwi, uliza. Uliza mpaka wakuchukie.

Jana ilinyesha kutwa. Baiskeli iko hapo uani, haijafunikwa. Nenda uguse keria.