Sahani Zilizokwama Ng'ambo ya Kichochoro

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msije mkaniambia kwamba zamani maisha yalikuwa rahisi. Hayakuwa rahisi. Tulikosa, tena sana. Lakini aliyekosa alijulikana kakosa, na jirani alibisha hodi na bakuli mkononi. Shida yenu ya leo siielewi ila kwa kuiona. Mtu ana kazi, ana kiti ofisini, mshahara waingia kila mwezi, na chakula hakitoshi. Na kwa kuwa ana kazi, hana ruhusa ya kusema.

Mwanangu ni mmoja wao. Yuko katika ofisi ya kampuni ya malori kule Shimanzi, na mkewe afundisha shule moja Tononoka. Ukiwaona asubuhi wakishuka ngazi, shati limepigwa pasi, buibui linang'aa, utasema hawa wamefika. Wamefika wapi? Mshahara huingia kwenye simu, na kabla hajairudisha simu mfukoni ushatoka: kodi, karo, gesi, benki, na maji ya mkokoteni, maana ya mfereji yana siku zake. Mafuta ya kupikia tulizoea kununua kwa dumu. Sasa twanunua kwa chupa, na chupa yenyewe mkamwana wangu huipima kama dawa ya kifua.

Ramadhani makapu ya unga na tende hupitishwa mtaani kwetu. Mlangoni petu hayasimami. "Hapa wana mishahara," wagawaji huambiana, tena kwa sauti, wakapita. Siwalaumu, kapu ni la maskini. Nawaeleza tu jinsi ilivyo.

Ng'ambo ya kichochoro, mlango ukitazama mlango, akaa shoga yangu, mwanamke mwenzangu. Tuliletwa mtaa huu tukiwa maharusi, tukazeeka pamoja. Kwao mwenye mshahara ni bintiye, yuko ofisi ya bima. Tangu ujana wetu, kila Ramadhani kabla ya magharibi, sahani yangu huvuka kwenda kwake imefunikwa kawa, na yake huvuka kuja kwangu. Na sahani hairudi tupu. Umeletewa kaimati, rudisha na sambusa. Huna sambusa, tia tende. Huna tende, tia hata sukari kidogo. Kumrudishia mtu sahani tupu ni kumwambia kwamba mambo baina yenu yamekwisha.

Ramadhani hii iliyopita sahani yangu ya kwanza ilikwenda na viazi vya nazi. Haikurudi. Nikamtuma mkamwana na ya sambusa. Haikurudi. Ya mahamri na mbaazi, vilevile. Na yake haikuvuka hata siku moja.

"Mama, rafu yabaki tupu," mkamwana wangu akanambia. "Siku mbili hizi tutakula juu ya kifuniko cha sufuria."

"Akipokea asemaje?"

"Asema ahsante, afunga mlango. Hata karibu hasemi."

Na kila jioni harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilitoka dirishani kwake ikaingia langu. Nikasema, aa, kumbe! Apika, ala, na mimi sina haki hata ya tende. Bintiye kapata kazi ya kiti cha kuzunguka, sasa mama amepanda naye. Nilikasirika mpaka nikamsema mwenzangu nimefunga, Mungu anisamehe. Nikamwambia mkamwana: "Nenda kaniletee sahani zangu zote."

"Mimi siendi kudai sahani mwezi wa Ramadhani," akanijibu. "Zako hizo, nenda wewe."

Nikajitia buibui, nikaenda baada ya alasiri. Nilipiga hodi, na sikungoja karibu. Nikapanda mpaka jikoni. Shoga yangu alikuwa amesimama mbele ya jiko, akikoroga kikaangoni kitunguu kimoja katika tone la mafuta. Hapakuwa na chungu. Hapakuwa na sufuria. Mezani palikuwa na mkate wa dukani na birika ya chai ya rangi. Na kwenye rafu, zimeoshwa, zimepangwa, zimefunikwa kawa zangu mwenyewe, sahani zangu.

"Kitunguu hicho chapikiwa nini?" nikamuuliza.

"Chapikiwa dirisha," akasema.

"Dirisha?"

"Watu wapite wasikie kwangu kwapikwa," akasema. "Mwanangu ana kazi, shoga. Wakijua mamake afuturu mkate na chai ya rangi, watasema kazi gani hiyo? Naye hajaolewa; hapo tayari kapewa jina baya."

"Na sahani zangu?"

"N'zirudishe na nini? N'kutilie kitunguu?"

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini, na wewe kwako kila siku sahani imejaa? Ndizo tulizofuturia sisi, kama wataka kujua. Na kila tonge lanikaba hapa." Akajishika koo. "Nilikuwa nafunga mlango ili mkamwanao asione nilivyofurahi kuiona sahani."

Nikazibeba sahani zangu, nikavuka kichochoro nazo, tupu, na wazee wa barazani wananitazama. Acha watazame.

Nyumbani nikamweleza mkamwana wangu. Nilidhani atalia kwa ajili ya jirani. Yeye akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akacheka, kicheko kibaya.

"Mama, wewe wajua sisi jikoni twala nini?"

Mimi hufuturu chumbani na mwanangu, huletewa chano changu cha chakula. Yeye na watoto hula jikoni. Ndivyo tulivyo.

"Watoto wafuturu uji," akasema. "Sambusa ni za chano chako na za sahani ya jirani. Nyama haitoshi zaidi ya hapo."

"Mbona hukusema?"

"Ningekuambia sahani isitoke? Wewe? Ungenirudisha kwetu!"

Kweli. Ningalimrudisha.

Basi tazameni. Nyumba mbili zenye mishahara, kila moja yamficha mwenzake njaa, hii chini ya kawa, ile kwa harufu ya kitunguu. Wajukuu zangu wanywa uji ili shoga yangu akabwe na sambusa zao. Na msiniambie hiyo ni riziki, Mungu ndivyo alivyogawa. Riziki ni ya Mungu. Bei hakuzipandisha Mungu. Waliozipandisha wafuturu vizuri, wala hawakaangi kitunguu kwa ajili ya dirisha.

Jioni ile, kabla ya adhana, nikawaita wote chumbani, mwanangu, mkewe na watoto, wakakaa mkekani. Sikuwaeleza mengi. Nikasema:

"Kuanzia leo twala chano kimoja, na sahani itoke na kile tulacho sisi. Ikiwa ni uji, uende uji. Siku hakuna, haitoki. Na mkamwambie shoga yangu sahani yangu airudishe tupu. Yake ikija hapa, ioshwe, irudishwe tupu, jua likiwaka, bila kawa, watu waione. Na atakayeona haya, aje anione mimi."