Meno ya Shosho Kwenye Sufuria

Niliwahi kuyachemsha meno ya shosho, nyanya yangu, tena nikajisifu. Juzi nilikuwa kwenye kochi, mahali ninapopatikana siku zote, mama aliporudi kutoka kliniki na meno yake mwenyewe ya bandia, pamoja na karatasi inayosema yasitiwe maji moto. Karatasi hiyo ingenifaa nikiwa darasa la pili.

Alasiri moja mwaka huo wa darasa la pili, shosho alikuwa amelala, meno yake kikombeni. Kesho yake alikuwa aongoze nyimbo za akina mama kanisani. Nilishaona mama akichemsha chupa za mtoto ili ziwe safi, basi nami nikayatia meno kwenye sufuria juu ya stovu. Nyumba yetu ya Makadara ikanuka mafuta taa na plastiki. Meno yalitoka yamepinda. Shosho aliyajaribu mara tatu, kisha akaziba mdomo kwa leso.

"Asante, baba," akaniambia. "Yameiva."

Nilicheka sana. Jumapili hakwenda kanisani, wala zile zilizofuata. Akawa mtu wa uji, na githeri yake ya mahindi na maharagwe nikila mimi, nikidhani ananipenda kuliko wengine. Wakubwa walizungumzia meno mapya, wakaishia kuulizana, "Kwa umri wake, atayatumia siku ngapi?" Shosho alikuwa papo hapo, akisikia.

Jirani yetu Mama Otieno, aliyekuwa akianua nguo mlangoni, alisikia pia. Hakusalimia hata.

"Kama mnaona hana siku za kutafuna, mwambieni tu wazi kwamba mnangoja afe."