Mayi ya Kuonyesha Mugeni

Ku quado yangu mu Katuba, ile fasi nashonaka mipira ya kinga, ni kusema baisikeli, kiti ya bateja ni bidon moja ya bulu. Kifuniko yake ilipotea zamani, na pa fasi ya kifuniko kuko gunzi ya muhindi. Muteja anakaa pale, anangojea kinga yake, anauliza: "Papa, hii gunzi ni ya nini? Bidon yenyewe haina mayi."

Namujibu: "Heshimu ile gunzi. Iliandikwa ku université. Mi mwenye sikuandikwaka."

Na ni kweli. Masomo niliachia mu mwaka ya tatu ya secondaire. Nilirudilia ile mwaka mpaka mutoto wa mwalimu akanikuta mule mu darasa, njo nikatoka na heshima yangu. Lakini français kidogo nilitoka nayo, na niliitunza sawa koti ya ndoa: naivaa tu siku bageni banakuya.

Bidon ilikuwa ya mama. Alishatuacha sasa. Asubuhi alikuwa anaziba bidon na ile gunzi, anaipiga na kiganja mara mbili, to, to, na siye bote mu lupango, ile kiwanja ya nyumba yetu, tulijua kumekucha. Leo niko na telefone yenye inaimba nyimbo ya kuamusha bantu, na inanikuta kila siku nalala. Ile gunzi haikunikosaka hata siku moja.

Ile wakati avenue yetu haikuwa na robine, bomba ya mayi ya kufungua na mukono. Mayi ilikuwa chini mu bonde, kisima moja ya bantu yote. Unashuka njia ya udongo mwekundu, unapanga mustari, unajaza, unapanda na bidon ku kichwa. Mi nilikuwa nabeba ku kinga, lakini mama alikataa kunywa mayi yangu. Alisema mayi ya banaume iko na majani, juu hatujue kungojea kisima itulie. Alikuwa na haki. Mi nilikuwa nachota mbio mbio, nafikiri bateja. Basi alikuwa anashuka mwenyewe, na goti yake ya mubaya, anaimba kidogo kidogo ya kanisa ili goti isisikie njia.

Siku moja chef ya avenue, ule muzee mwenye kutunza daftari ya bakaaji, alifika ku quado. Akasema: "Kesho kuko mademoiselle moja wa université anakuya. Anafanya enquête, anauliza bantu juu ya mayi. Serikali ya commune inataka kuweka marobine, lakini haitaweka kila fasi. Itasoma kwanza karatasi yake. We uko na français, utamuongoza nyumba kwa nyumba."

Muntu mwenye akili angesikia ile maneno na kufikiri: tumuonyeshe ukavu wetu. Mi nilisikia neno "université" na nikakumbuka inspecteur ku masomo. Inspecteur akikuya, munapiga deki, munachana nywele, munapata points. Nikakimbia avenue muzima nikitangaza: "Bamama, inspection!"

Mama yangu njo alichukua uongozi. "Mugeni atoke mbali hivi, aingie kwangu, akose mayi ya kunywa na ya kunawa? Niko muntu ao niko ukuta?" Ile asubuhi, mu avenue yetu muzima, kulikuwa bidon tatu tu zenye kujaa. Bamama bakakaa kikao kufupi nyuma ya jikoni yetu, na uamuzi ikatoka: zile bidon zitatembea. Mugeni akimaliza nyumba ya kwanza, bidon zitapita nyuma, juu ya ukuta ya lupango, zimutangulie ku nyumba ya pili. Kazi yangu ilikuwa kumuchelewesha njiani.

Jamani, nilimuchelewesha! Alikuwa musichana mwembamba, viatu yake ilishakuwa na vumbi yetu yote, na daftari alikuwa anaibeba ku kifua sawa mutoto. Kati ya nyumba na nyumba nilimutolea hotuba. "Mademoiselle, permettez! Hapa mbele yako kuko muti ya avoka. Ilipandwa na muntu." Anangojea niendelee. Mi nasikia bidon inagonga ukuta kule nyuma, bamama banasukumana, "Polepole, unamwanga mayi!", napandisha sauti: "Na kisha, mademoiselle, ikakomaa!"

Tunaingia. Bidon ziko pa mulango, zimepangwa, zinatoa jasho. Na ile ya bulu na gunzi yake iko mbele kabisa, sawa chef.

"Mama, mayi muko nayo hapa nyumbani?"

"Iko, mwanangu! Ona. Kunywa."

"Na munachota wapi?"

"Pale tu." Mama wa nyumba ananyoosha midomo upande ya bonde. Ile midomo ilifupisha njia kushinda machine ya barabara.

"Inakamata wakati?"

"Kidogo tu. Kunywa tena."

Alikunywa ku kila nyumba, juu naye alikomazwa vizuri. Ku nyumba ya saba akaniita yaya, sawa kaka yake, akaniuliza chini chini: "Yaya, choo iko wapi?" Ile njo swali peke yake lenye avenue yetu ilijibu na kweli siku ile.

Wakati ilipita. Siku moja karatasi ikabandikwa ku ukuta ya commune: majina ya maavenue yenye itapata robine. Nikasoma kutoka juu mpaka chini. Nikasoma kutoka chini mpaka juu, juu saa zingine ku masomo ilikuwa inanisaidia. Avenue yetu haikukuwa mule. Chef akauliza mule mu bureau, bakamujibu kwamba ku avenue yetu, kila nyumba ilisema mayi iko na iko karibu.

Mama mwenye kukaanga beignet, mandazi yetu, pembeni ya quado hakungoja hata nikae. "We! Na ile français yako ya kukatika kati, ona vile ulitufukuzia mayi!"

"Mama, mushukuru Mungu ilikatika. Ingekuwa muzima, bangetunyima hata hewa."

Bateja bakaseka. Mi pia nikaseka. Lakini nikageuka nikaona mama yangu amesimama pa njia na bidon yake ku mukono. Hakuseka. Alisema tu, "Mi njo nilibatuma," na akashuka ku bonde.

Njo ile siku alianguka. Batoto ya kisima bakakuya mbio kuniita. Nilimukuta mu mutelemuko, amekaa mu matope, kandambili moja imepotea, goti imevimba sawa papayi. Bidon iko mu mikono yake, gunzi haikutoka hata kidogo. Nilimupandisha ku porte-bagage ya kinga, pale napandishaka mayi, nikasukuma. Alikuwa mwepesi kuliko bidon mbili. Ile kitu iliniumiza, sikuitaraji. Yeye, nyuma yangu, akasema: "Usikimbie, utanimwanga." Akaseka, na kisha nikasikia haseki tena.

Daktari alisema ile goti isishuke bonde tena. Mama akaitika, "Ndiyo, docteur." Tulipofika nyumbani akaniuliza kama kesho njia itakuwa imekauka. Nikaelewa: robine isipofika ku avenue, mama atashuka mpaka siku hatapanda.

Nikavaa koti ya ndoa, nikaenda ku université. Mulinzi wa mulango aliangalia koti, akauliza: "Professeur?"

Nikamujibu: "Bado."

Mademoiselle nilimukuta mu bureau ndogo yenye bantu tatu banagawana meza moja. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya français njia nzima. Yote ikakimbia. Nikasema tu mu Kiswahili yetu: "Mademoiselle, tulikudanganya. Bidon zilikuwa zinaruka ukuta."

Hakushangaa. Akavuta droo, akatoa ile daftari, akafungua. Pembeni ya karatasi, mu nyumba ya pili, alichora kitu kidogo na kalamu. Mu nyumba ya tatu, kitu ile ile. Ya ine, ya tano. Ilikuwa gunzi. Gunzi ya mama yangu, na mistari ya mbegu zake, muzuri kabisa.

"Ulijua?"

"Yaya, bidon moja inawezaje kukaa mu nyumba saba?"

"Sasa juu ya nini hukusema?"

Akafunga daftari polepole. "Mama wa bantu ananipatia mayi ya kunywa na mikono mbili, mi nimwambie ni mwongo? Nilichora pembeni. Lakini commune haisomaka pembeni. Inasoma tableau, na mu tableau kuko 'ndiyo' na 'hapana' tu. Njo kosa yangu. Haya yenu na haya yangu zilisalimiana, na mayi ikapita kando."

Akaenda kusema na professeur wake, nikabaki pale na bale wengine mbili, nikaangalia vitabu sawa muntu mwenye kujua kusoma unene ya vitabu. Akarudi. Professeur amekubali barudilie kazi mbele commune haijaanza kuchimba. "Lakini safari hii, usitangaze."

Kutotangazia avenue, niliweza. Kutomwambia mama sikuweza. Nilimwambia hivi: mugeni wa siku ile atakuya tena, na robine itategemea kama tutamuacha aone.

"Aone nini?"

"Aone hakuna."

Aliniangalia sawa nimemwambia avue kitambaa mu kanisa. "Mi nimuketishe mutoto wa bantu kwangu, nimwangalie na midomo yake kavu? Mama yangu hakunikomaza vile." Français yangu haikuwa na dawa ya ile.

Siku mademoiselle alikuya, na banafunzi mbili ba kumusaidia, mama alikuwa amekaa pa mulango, muguu umenyooshwa juu ya kigoda. Pembeni yake kulikuwa sinia na kikombe, ile ya maua, ya bageni. Bakasalimiana. Mademoiselle akakaa. Mama akashika kikombe, akaigeuza juu chini, akairudisha pa sinia.

"Mwanangu," akasema, "mayi hakuna. Siku ile tulikuonyesha ya bantu. Yetu iko kule chini, na si karibu."

Kuku ilipita. Kisha mademoiselle akasimama, akafungua mukanda ya saa, akaipatia mwanafunzi mumoja. "Hesabu," akamwambia. Akakamata bidon ya bulu, akatoa viatu, akashuka ku bonde.

Tulingojea. Mama kila kidogo anauliza: "Hajarudi? Na kama ameteleza?" Ile wakati yote ilikuwa inaandikwa, dakika kwa dakika, na safari hii hakuna midomo ya kuifupisha. Alipopanda, robe yake, ile gauni, ilikuwa imelowana mpaka ku tumbo, na bidon ilikuwa imebakia nusu. Alikuwa anapumua sawa pompe yangu ya kujaza mipira.

"Pole, mwanangu," mama akamwambia. "Umefikisha nusu. Hata huyu wangu alifikisha nusu ya masomo, na tunamulisha."

Pale njo tuliseka bote.

Kutoka ile siku habakubisha tena ku milango kwanza. Bakakaa ku kisima yenyewe, bakaandika nani anafika, anatoka avenue gani, anangoja wakati gani. Karatasi ikarudi ku commune, na kukawa kikao. Nilienda na chef, tukakaa nyuma kabisa. Bwana moja wa bureau akauliza: "Mademoiselle, mbele uliandika avenue hii iko na mayi. Leo unaandika haina. Tuamini karatasi gani?"

Nilishuka mu kiti yangu, juu nilijua mwenye makosa eko nani. Lakini hakututaja. Alisimama akasema: "Muamini hii. Ya kwanza ilikuwa kosa yangu. Niliuliza bamama swali lenye adabu yao inabakataza kujibu."

Chef akanigonga na kiwiko: "Umesikia? Ile njo masomo."

Nikamujibu: "Nilisikia. Mi niliachia mbele ya kufika pale."

Robine haikukuya mbio. Mvua iliingia ikatoka, bomba zikalala pa njia mpaka batoto bakazifanya farasi. Wakati ule wote nilijifunza kungojea kisima itulie, na mama akakubali kunywa mayi yangu, kila mara akiangalia kwanza mu kikombe kama kuko jani. Mpaka siku moja, pa kona, karibu na ule muti ya avoka wenye ulipandwa na muntu, mayi ikatoka ya kahawia, ikakohoa, ikawa nyeupe. Mama alifika pale na miguu yake, na fimbo, na bidon. Akajaza, akaziba. To, to.

Siku chache zikapita, mademoiselle akakuya, peke yake, bila daftari. Mama akamuketisha, akamuletea kikombe ya maua pa sinia, imejaa mpaka juu. Akakunywa yote. Akanyoosha kikombe: "Mama, niongezee."

Mama akamwongezea, akasimama pale akimwangalia vile anakunywa, mpaka tone ya mwisho. Kisha akanigeukia.

"We mwenye français," akasema, "tafuta karatasi. Andika: mugeni alikunywa mara mbili."

Niliandika. Na pembeni nikachora gunzi.