Hekalu la Udongo Uani kwa Premji

Juzi wamebomoa ukuta wa duka la Premji, lile la pale chini Rumonge, nami nikasimama mbele ya vumbi kama mjinga. Wajukuu wakaniita, "Bibi, twende, jua kali." Wangejua! Nyuma ya ukuta ule ndiko nilikofungiwa utoto wangu, wakati wa Mdachi.

Malale, ule ugonjwa wa usingizi, ilikuwa imeingia kando ya ziwa. Askari wakamchukua mama yangu, Zuhura, wakamtia kambi ya wagonjwa, wakakataza watu kutembea ovyo. Mimi nikaachwa kwa Premji, Mhindi tuliyemuuzia mawese, nimsaidie mke wake, Jamna. Naye hakuwa akitoka, mume hataki. Basi tukawa wawili uani, tunanusa mawese na pilipili, tunasikia watu nje wakifyeka vichaka vya mbung'o.

Jamna alinifinyangia hekalu la kwao. La kweli, alisema, ni mawe matupu, halina chokaa. Jiwe limechongwa likamkamata mwenzake. Mfalme aliyelijenga, hata babu za babu zake hawakumwona. Mbele ukumbi wa nguzo, na kila nguzo na wacheza ngoma wake. Nyuma mnara, unapanda kama mlima juu ya mlima, na chini yake chumba kidogo cha mungu wao, giza, mlango mmoja. Kila akimaliza kufinyanga mchezaji, anamvunja pua.

"Mbona unawaharibu?"

"Vita vilipita zamani. Mimi nimezaliwa nikawakuta hivi hivi."

Nikachungulia kile chumba. "Dirisha iko wapi? Huyu naye wamemfungia kama mama?" Nikaangua kilio. Nilitaka kumwona mama, basi.

Kesho yake Premji alipokwenda kupokea mizigo, Jamna akajitanda, akanishika mkono, tukatoka. Watu wakaacha majembe wakatukodolea macho. Kambini askari akasema, "Hakuna kuingia, mama." Jamna hakubishana. Akaniambia kwao mlango wa mungu ukifungwa watu hawarudi nyumbani. Wanazunguka, mkono wa kulia ukielekea ndani. Tukaanza kuuzunguka ua wa miti.

Mama akatuona. Akainuka, akatufuata kwa ndani, kati yetu fito tu.

"We Mwajuma, amahoro? Umekuja kunisalimu ao kumtembeza Mhindi?"

"Nimekuja kukuchukua."

"Mutoto huyu! Tembea kwanza."

Tukacheka wote watatu. Kwenye kona akaketi, kichwa kikaanguka magotini. Jamna akanikaza mkono nisisimame. Tukazunguka, tukamkuta amelala. Tukazunguka tena.

Mama hakutoka mule. Premji alipopata habari, Jamna akawekewa kufuli, na hekalu likaliwa na mvua. Kambi imekuwa shamba la michikichi. Mwenye shamba ni mtu mwema, nikipita ananikaribisha: "Bibi, pumzika, kaa popote." Popote! Kaburi sikuonyeshwa mpaka leo. Nasimama kati ya michikichi ile, natafuta pa kukaa nisimkalie mama.