Zamu ya Maji Ilikuwa Yetu, Mama Akaenda Mwenyewe

Nimekosa mimi. Msianze kunitafutia sababu. Ndugu zangu wameshanitafutia za kutosha, na kila wakinitetea ndiyo hasira inanipanda zaidi!

Mimi ni kijana wa Vudee, huku milimani, ila kazi yangu iko Same mjini. Natengeneza redio na simu. Chuo sijakanyaga, nimejifundisha mwenyewe kwa kuunguza vitu vya watu mpaka nikajua. Mdomo ninao, hasira ninazo, na mtu akimgusa mama yangu tunaonana wabaya hapo hapo.

Sasa Desemba iliyopita kaka yangu mkubwa akaja na familia yake kutoka Dar kula Krismasi kwa mama. Baba alishafariki, mama anaishi peke yake pale nyumbani. Ghafla watoto watatu! Upendo, binti wa chekechea, mdogo wake wa kiume asiyetulia hata akilala, na kichanga cha mgongoni. Yaani nyumba ikawa soko. Huyu anataka uji, yule amejikojolea, unga wa maandazi umemwagwa, kuku wanakimbizwa mpaka wamegoma kutaga. Mama anacheka tu. Anapika, anafua, anabeba ndoo. Ukimwambia pumzika, anasema, "Niacheni na wajukuu zangu."

Mimi nikawa navimba moyoni. Namwangalia kaka yuko kibarazani na simu, namwangalia shemeji ameshika kichanga kutwa nzima, najisemea hawa wamemfanya mama yangu hausigeli!

Jioni moja kabla ya mkesha, mama anamenya ndizi, akasema, "Kesho zamu yetu ya maji."

Kwa wasiojua, huku kwetu tuna ndiva, bwawa la kuchimba tuliloachiwa na mababu. Usiku linajaa maji ya kijito, alfajiri mwenye zamu anakwenda kulizibua, maji yanashuka kwa mfereji mpaka shambani kwake. Usipokwenda, maji yanahamia kwa mwenzako na wewe unasubiri mzunguko mwingine. Na vuli ile mvua ilitukimbia. Maharage ya mama yalikuwa ndiyo yanatoa maua, majani yameshaanza kujikunja.

Nikiwepo nyumbani kazi ya ndiva ni yangu, inajulikana. Ningesema "nitakwenda" tu, hadithi ingeishia hapo. Lakini kaka akafungua mdomo.

"Mama, achana na hayo maharage bwana. Nitakununulia gunia zima."

Wacha nilipuke!

"Gunia? Nani amekwambia mama ana shida ya gunia? Watoto wako wanakula hapa tangu mmefika, hata kijiti cha kuni hujaokota! Kesho ndiva uende wewe!"

"Nimeendesha gari siku nzima, nimechoka."

"Hiyo ilikuwa juzi! Au gari bado linatembea?"

Upendo akacheka. Kaka akamkazia macho mtoto, halafu akanigeukia mimi. "Si wewe ndiye mwenyeji? Nenda. Fundi redio naye anachoka na nini?"

"Siendi, ng'o! Yakikauka yakauke mbele ya macho yako!"

Mama akaacha kumenya. "Baba, usinifanyie hivyo. Aende mmoja wenu tu, inatosha."

Nikamjibu nini, mimi ninayejifanya mtetezi wake? "Mama, leo usiniingilie."

Alfajiri nilikuwa macho. Mazoea yaliniamsha. Nikasikia komeo linatolewa, jembe likagonga mlango, hatua zikatoka. Nikajua ni kaka. Mnajua nilifanya nini? Nilitabasamu! Nikavuta blanketi, nikasema leo amenyooka. Nikalala tena.

Aliyeniamsha ni Upendo, gauni lake la kulalia limejaa tope.

"Baba mdogo, bibi amekaa kwenye mfereji. Amesema niite mtu, lakini nisipige kelele, wageni wamelala."

Wageni! Ndio sisi!

Nilikimbia bila viatu, kaka nyuma yangu. Mama alikuwa ameteleza kwenye jiwe, chini kidogo ya ndiva, hata maji hajayazibua. Mguu umegeukia upande usio wake, kanga imelowa, uso umekuwa wa majivu. Mjukuu alimfuata kwa sababu sikukuu watoto hawalali. Na alipotuona, mama yangu akasema, "Zibueni kwanza. Zamu itapita."

Kaka akaanza, "Unaona ulichofanya?"

"Mimi? Nani alileta habari za gunia?"

Tukabishana! Mama yuko kwenye tope, sisi tuko juu yake tunanyoosheana vidole! Aliyetunyamazisha ni shemeji. Alikuja mbio na kichanga mgongoni, akaokota lile jembe.

"Atakayeongea tena nampiga nalo. Shemeji, kalete ubao wa kitanda. Baba Upendo, kalete gari mpaka njia panda. Mama, nishike mkono, usiuachie."

Huyo ndiye niliyekuwa namwita mvivu. Aisee!

Tukashuka naye hospitali Same. Nyonga imevunjika. Krismasi tuliila kwenye nyasi za hospitali, watoto wamevaa nguo mpya, wanatafuna maandazi yaliyolala, wanauliza bibi anatoka saa ngapi. Shemeji yuko ndani anamwosha mama. Mimi na kaka tuko nje, tumepeana migongo, kila mtu anasubiri mwenzake aombe msamaha kwanza. Watu wazima na ndevu zetu!

Mama alifanyiwa upasuaji. Anatembea kwa fimbo, lakini miteremko ya Vudee haiwezi tena. Kaka akamchukua Dar. Ningebisha vipi? Chumba changu Same ni kimoja, redio za watu zimejaa mpaka kitandani. Nyumba ya mlimani tumeifunga. Mama yangu, aliyekuwa anaamka kabla ya kijiji kizima, siku hizi anashinda kwenye kiti cha plastiki uani, hana hata mche mmoja wa kupalilia. Na Desemba hii hakuna anayepanda mlima. Watapanda kwa nani?

Halafu kuna hili, ndilo limenifanya niandike. Nilikwenda Dar kumwamkia. Akaja jirani yao mmoja, akamuuliza mbele yangu, "Bibi, hivi uliumiaje?"

Mama akanitupia jicho mara moja tu. "Uzee, mwanangu. Niliteleza zangu. Huyu kijana ndiye alinibeba."

Jirani akanigeukia, "Hongera, kaka. Mama amezaa mtu."

Nikanywa chai! Nikapokea sifa zile, na mama ananisogezea sahani ya mihogo kana kwamba nimefanya jambo la maana!

Sasa nasema hapa nilichoshindwa kusema pale. Si uzee. Mama yangu alikuwa mzima kabisa. Aliangushwa na watoto wake wawili wenye nguvu zao, mmoja yuko macho kitandani, anafurahi!

Nyie mnaofunga mizigo kwenda nyumbani sikukuu hii, nawaonya. Mkitaka kugombana na ndugu zenu, gombaneni, simzuii mtu. Lakini mama akitaja kazi, nyanyuka wewe! Usiangalie nani mkubwa, usiangalie nani alikwenda jana. Nenda, maliza, halafu rudi umtukane kaka yako mpaka uchoke, mama akiwa jikoni kwake, amesimama kwa miguu yake miwili, anawacheka.