Nilivyomwachia Bwana Harusi Mkono

Haya nayasema kwa sababu mtaa wetu wa Chumbageni mzima wanayajua, cha kuficha sina tena, na bora myasikie kwangu kuliko kwa mke wangu, ambaye kila akisimulia anaongeza chumvi na kuigiza mbio zangu.

Kaka yangu Bakari alifariki kwa saratani ya utumbo mpana. Aliona damu chooni muda mrefu akanyamaza, mambo ya chooni utamwambia nani, na aliposema ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini. Daktari akatuambia nduguze maradhi haya huenda yakawa ya ukoo, twende tukapimwe. Nikaenda kimyakimya, hata mke wangu sikumwambia (aibu ileile ya Bakari), nikapewa siku ya kuingizwa kamera na dawa ya kusafisha tumbo, niinywe alasiri ya siku moja kabla. Na alasiri hiyohiyo ndiyo nikaha ya Zainabu, mtoto wa marehemu Bakari, na walii, wa kumwozesha, ni mimi baba yake mdogo.

Nikajiambia, Athumani, kunywa kabisa, nikaha haichukui muda, dawa ikianza kazi itakukuta umesharudi nyumbani. Nikaigida chupa nzima, nikavaa kanzu nyeupe (nyeupe, jamani!), huyo msikitini.

Shehe akatoa hotuba. Ndefu! Tumbo likanguruma mpaka bwana harusi akanitazama, kijana wa watu kaja na wazee wake kutoka Pemba, tumeketi goti kwa goti, mkono wangu ndani ya mkono wake, shehe ananiambia sema, nami nikaanza, "Nimekuoza..." Lahaula! Dawa ikaniita. Nikauchomoa mkono, nikapandisha kanzu, nikatoka mbio nikiruka watu mpaka vyooni.

Huku nyuma wakajua walii kakataa. Nimo chooni nasikia zogo, baba yake bwana harusi anauliza, "Kwani mwanetu ana ila gani?", wengine wanatafuta viatu, simu zimeshapigwa nyumbani na Zainabu analia (yatima yule, siku yake moja, nami ndiye naiharibu). Kila nikiinuka, tumbo linanirudisha. Ikabidi nipige kelele dirishani.

"Jamani, sijakataa! Nimekunywa dawa ya kuharisha! Kesho naingizwa kamera huku nyuma, nitazamwe kama nina ugonjwa wa Bakari!"

Msikiti mzima ukacheka, shehe na Wapemba wote. Wakaningoja, nikarudi nimelowa jasho, nikaozesha kwa pumzi moja.

Kesho yake nimelala hospitali natazama skrini, subhanallah, utumbo wangu mwenyewe, laini, unang'aa, na pembeni kinyama kidogo kama punje ya kunde. Daktari akakikata palepale. Nikamuuliza, kitu kama hiki ndicho kilichomla kaka yangu mpaka ini? Akasema huanza hivihivi, kikiachwa kinageuka saratani; kila seli ina jeni zilezile, ila seli za utumbo zinaamsha hizi na kuzilaza zile, na za ini zina mpango wake. Katika saratani, jeni za kusema "kua" zinakesha macho, na za kusema "basi" zimenyamazishwa. Ndipo seli zinang'oka, na kwa kuwa damu ya utumbo hupita kwanza kwenye ini, zinafanya makazi hukohuko.

"Na hata zikiwa kwenye ini," akasema, "tukipima jeni zipi ndani yake ziko macho, tunazijua seli hizo kuwa zimetoka utumboni."

Mwili huu nimeubeba maisha yangu yote, na mambo makubwa hivi yanapita ndani bila hata kunigusa bega! Nililia pale kitandani, na haikuwa hofu, ulikuwa mshangao tu.

Fungate ilipokwisha Zainabu akaja na mumewe. Nikajiandaa kulaumiwa.

"Shikamoo, baba mdogo. Na mimi naona damu chooni, tangu kabla ya harusi. Nilikuwa naona haya kusema, mpaka nilipoambiwa ulivyopiga kelele chooni."

Tulimpeleka hospitali siku ileile. Alikuwa nacho kinyama, kikubwa kuliko changu, kikakatwa kabla hakijaenda popote. Kunywa dawa ile kabla ya nikaha sirudii abadani. Kuona haya mambo ya chooni, hilo nalo sirudii.