Kimto cha Pini

Dada yangu ni fundi cherehani, mtu wa kushika sindano kutwa nzima, lakini ya kujichoma mwenyewe ilimshinda. Daktari alimwambia kinga ya mwili wake inashambulia mishipa yake ya fahamu, na kwamba sindano za kila wiki hazitamponya, zitauchelewesha ugonjwa tu. Hapo ndipo alipokata tamaa.

Mama akimuuliza, alijibu, "Nimeshajichoma, mama," na bomba tupu tuliliona kwenye ndoo ya taka. Tukaridhika, wajinga sisi.

Siku moja niliingia chumbani kwake kuazima pini. Kile kimto anachozichomekea kilikuwa kimelowa chepechepe, na bomba la dawa bado analo mkononi.

"Dada, ndiyo nini hii?"

"Nikijichoma, mimi mgonjwa, mdogo wangu. Nisipojichoma, mimi fundi."

Nilifoka, nikalia, nikambembeleza. Yeye akaendelea kupinda suruali ya mteja.

Sasa miguu yake haikanyagi tena pedali. Anashinda kitandani, uso kaugeuzia ukutani, na cherehani tumeifunika shuka. Katika nyumba hii, kilichomaliza dozi ni kile kimto.